Mafuta Yanapopita Mlangoni Kwetu

(Mazungumzo kwa wahitimu wa madarasa ya kisomo, vijiji vya kando ya barabara kuu, Iringa na Mbeya)



Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya mafuta. Si mafuta ya kukaangia, wala ya kujipaka. Tunasema juu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta haya yanapita hapa kwetu usiku na mchana. Mengine yanapita juu ya barabara, ndani ya malori. Mengine yanapita chini ya ardhi, ndani ya bomba.

Sisi hatuna kisima cha mafuta. Hatuna kiwanda cha kuyasafisha. Lakini yanapita mlangoni. Na mtu ambaye mafuta yanapita mlangoni kwake ana haki ya kuuliza: Je, yanaweza kunidhuru vipi? Nani anayaangalia? Na mimi natakiwa nifanye nini?

Sisi walimu wa kisomo tumewauliza watu wengi wa kando ya barabara hii. Tumeuliza wakulima, mama lishe, vijana wa bodaboda, madereva na matingo wao, wahudumu wa afya na watu wanaofanya kazi za mafuta. Tutawaambieni walivyosema. Majina yao hatutayataja, maana waliongea nasi kwa uhuru.

Kwanza tukumbushane bomba hili lilikujaje. Wazee wanajua, lakini vijana wengi wanaliona tu kama alama zilizosimama porini.

Tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe ili waendelee kuwatawala Waafrika. Zambia ilikuwa inapata mafuta yake kupitia huko. Njia ile ikafungwa. Zambia ikabaki na migodi ya shaba bila mafuta. Basi mafuta yakaanza kubebwa kwa malori, ndani ya mapipa, kutoka Dar es Salaam kupitia hapa hapa kwetu. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Malori yalianguka mengi. Barabara hiyo ikapewa jina la barabara ya Jehanamu.

Ndipo Tanzania na Zambia zikakubaliana kulaza bomba. Lilimalizika mwaka 1968. Lina urefu wa kilometa 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kampuni yake inaitwa TAZAMA, na ni mali ya nchi mbili: Zambia ina mafungu mawili katika matatu, Tanzania fungu moja. Mafuta hayawezi kupanda milima yetu yenyewe. Lazima yasukumwe. Kwa hiyo kuna vituo vya pampu njiani, na kimojawapo kiko Iringa na kingine kiko Mbeya.

Mwaka 1973 Zambia ilifungua kiwanda cha kusafisha mafuta kule Ndola. Tangu hapo bomba likawa linapeleka mafuta ghafi. Hayo hayafai kutiwa kwenye trekta moja kwa moja. Lakini mwaka 2023 mambo yalibadilika. Bomba lilianza kupeleka dizeli iliyokwisha safishwa, tayari kwa kutumiwa. Shikeni jambo hilo. Maana yake ni kwamba kitu kinachopita leo chini ya mashamba si kile kilichopita enzi za baba zetu. Zamani mwizi akitoboa bomba angepata kitu cha shida kukiuza. Leo atapata dizeli inayokwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga. Tamaa imekuwa kubwa zaidi, na anayeumia kwa tamaa hiyo ni mtu anayelala jirani na bomba.

Haya, tuje kwenye maneno ya watu.

Mkulima mmoja mzee alituambia, "Bomba liko hapa tangu nikiwa kijana. Halijanigusa, nami sijaligusa. Mnaniogofya ya nini?" Mzee huyu hakukosea. Bomba lililofukiwa vizuri, lililotunzwa, na lisilochokozwa na mtu, ni njia salama ya kusafirisha mafuta kuliko lori. Sisi tunasema hivyo waziwazi. Lakini tulipomwuliza kama anajua mkuza wa bomba unaanzia wapi na kuishia wapi, yaani lile eneo la pande mbili lisilotakiwa kujengwa wala kuchimbwa, alicheka. Alisema, "Mwanangu, alama nyingine zimefunikwa na majani. Mimi nalima kwa kukisia." Kukisia si kujua.

Mama lishe mmoja, anayepika mahali malori yanapolala, alikuwa na maneno tofauti kabisa. Yeye haogopi moto. Anaogopa kifua. Malori yanaachwa yananguruma usiku kucha, hasa siku za baridi. Moshi wa dizeli unamwingia yeye na mtoto aliyembeba mgongoni. Alisema watu wakija kuzungumza juu ya mafuta wanazungumza juu ya kulipuka tu. Hakuna anayeuliza juu ya kikohozi. Mama huyu ametufundisha. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu mwaka 2012 kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha kansa ya mapafu. Kwa hiyo kikohozi chake si jambo dogo la kusukumwa kando.

Vijana wa bodaboda je? Hao walisema ukweli mchungu. Mmoja alisema, "Mwalimu, dumu moja la lita 20 ni fedha ambayo siipati kwa siku nyingi. Lori likianguka, mimi nitakimbilia kule, sitakimbilia nyumbani." Wenzake walitikisa vichwa kukubali. Hatukuwagombeza. Watu wengi hupenda kusema kwamba wanaokimbilia mafuta ni wajinga. Sisi hatukubali. Ni watu wenye akili zao wanaopiga hesabu: faida naiona kwa macho, hatari siioni. Basi kazi yetu ni kuionyesha hiyo hatari.

Dereva wa lori alisema jambo la ajabu kidogo. Alisema, "Mimi nikipinduka, moto naujua na najua pa kukimbilia. Ninachoogopa ni watu. Wanafika kabla sijatoka kwenye kabati." Na watu wa kazi za mafuta walisema wanachoogopa ni kutobolewa bomba, na nyumba zinazozidi kusogea karibu. Mhudumu wa afya yeye alilalamikia chupa za soda zilizojaa mafuta ya taa.

Mmeona, ndugu? Mafuta ni yale yale, lakini kila mmoja anaona hatari yake kutoka mahali alipoketi. Na hawa wote hawajawahi kukaa kwenye benchi moja wakasikilizana. Hilo ndilo linalotusumbua sisi.

Sasa tuseme juu ya moto, maana ndio unaoua wengi kwa mara moja.

Tarehe 10 Agosti, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka asubuhi. Watu wakaja na madumu. Wengine walikuwa wapita njia tu, wengine walikwenda kutazama. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Wengi walikufa pale pale, na wengine walikufa siku zilizofuata katika hospitali ya Morogoro na ya Muhimbili. Taifa liliomboleza siku tatu.

Msiseme hayo ni ya Morogoro. Kwetu Rungwe, kijiji cha Idweli, mwanzoni mwa miaka ya 2000 lori la mafuta lilipinduka na makumi ya watu wakafa kwa namna hiyo hiyo. Kule Kenya, mahali paitwapo Sachangwan karibu na Molo, tarehe 31 Januari, 2009, walikufa zaidi ya 100. Na katika mtaa wa Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba, 2011, halikuwa lori. Lilikuwa bomba. Lilivuja, mafuta yakaingia katika mfereji wa maji machafu, watu wakaja kuchota kwa ndoo. Moto uliufuata mfereji hadi kwenye nyumba zilizojengwa karibu na bomba. Walikufa kama watu 100.

Lakini kisa kinachotutisha zaidi ni cha Sange, katika Kivu ya Kusini, Kongo. Ilikuwa tarehe 2 Julai, 2010, usiku, wakati wa mashindano ya Kombe la Dunia. Lori la mafuta lilipinduka kijijini. Wako waliokwenda kuchota. Lakini wengi walikuwa wamekaa katika vibanda vya kuonyeshea sinema, wanatazama mpira. Hawakugusa hata tone. Moto uliwafuata walipo. Walikufa watu zaidi ya 200. Kwa hiyo msijidanganye kwamba anayekufa ni mchotaji tu. Jirani yako akichota, nawe uko katika hatari yake.

Kwa nini petroli hufanya hivyo? Hapa tunaomba msikilize kwa makini.

Petroli yenyewe, ile ya maji maji, si ndiyo inayoanza kuwaka. Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi kali. Baridi ya Mafinga au ya Uporoto haiizuii. Mvuke huo hauonekani. Na ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa kuni. Unatambaa chini kama ukungu wa asubuhi, unaingia mtaroni, unashuka bondeni, unajikusanya kwenye shimo. Ukikuta jiko la mama anayechoma mahindi mbali kidogo, unawaka pale, na moto unarudi nyuma mpaka kwenye lori. Watu walioko katikati hawana pa kupita.

Wala si lazima liwe jiko. Sigara inatosha. Kuwasha pikipiki kunatosha. Cheche ndogo ya waya wa betri ya gari inatosha. Chuma kugonga chuma kunatosha.

Dizeli ni pole zaidi. Katika hali ya kawaida haiwaki haraka kama petroli. Wengine wamesikia hivyo, wakajipa moyo. Wasijipe. Dizeli ikitoka kwenye bomba kwa nguvu ya pampu, inaruka kama mvua nyepesi, na mvua ile huwaka. Dizeli iliyolowa kwenye nguo huwaka kama utambi wa koroboi. Na mara nyingi mtu hajui kilichomwagika ni kipi.

Hapa ndipo kusoma kunapotusaidia. Malori mengi ya mafuta yana kibao cha rangi ya machungwa chenye namba. Namba 1203 ni petroli. Namba 1202 ni dizeli. Namba 1223 ni mafuta ya taa. Namba 1075 ni gesi ya kupikia. Ziandikeni kwenye madaftari yenu. Hizi zinatumika nchi nyingi duniani. Ukiwa mbali, ukaweza kuzisoma, unapopiga simu utawaambia wazima moto wanakuja kukabili kitu gani. Lakini usisogee karibu ili usome! Kama huoni, basi sema huoni.

Namba ya simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Polisi ni 112. Simu hizo hazilipiwi. Piga ukiwa umekwisha ondoka, si ukiwa umesimama penye mafuta.

Je, tukae mbali kiasi gani? Mwongozo unaotumiwa na wazima moto wa nchi nyingi unasema, mafuta yakimwagika mengi, watu walio upande unakoelekea upepo waondoke angalau mita 300. Huo ni urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Na kama lori lenyewe limeshika moto, watu wawe mbali mita 800. Mkimbie mkielekea unakotoka upepo, na mpande mlima, msishuke bondeni. Zimeni majiko njiani. Na maji msimwage juu ya petroli inayowaka. Petroli huelea juu ya maji, nayo itakwenda na maji yale mpaka mlangoni kwa mtu mwingine.

Mtu akishika nguo moto, asikimbie. Alale chini ajiviringishe, au afunikwe blanketi zito. Halafu amwagiwe maji safi ya baridi palipoungua, kwa dakika 20. Tunajua dakika 20 ni nyingi mtu akiwa analia. Vumilieni. Nguo iliyoganda kwenye ngozi msiibandue. Msipake dawa ya meno, wala majivu, wala samli, wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi huzuia joto lisitoke na huleta wadudu kwenye kidonda. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Na msione mtu anazungumza mkasema amepona. Aliyevuta moshi wa moto ule anaweza kuzungumza asubuhi na kushindwa kupumua jioni.

Moto tumeumaliza. Sasa tuje kwenye madhara ya pole pole, yale ya mama lishe na ya mhudumu wa afya. Haya hayatangazwi redioni.

La kwanza ni kufyonza mafuta kwa mdomo. Kijana anaingiza mpira kwenye tangi, anafyonza, anatema. Amefanya hivyo mara 100, anasema hakuna neno. Lakini siku moja mafuta yanakwenda njia ya pumzi. Tone dogo tu likiingia mapafuni huunguza ndani, na mtu huugua kichomi kisicho cha vijidudu. Watoto ndio hupata shida hii zaidi, kwa sababu sisi wazazi huweka mafuta ya taa katika chupa ya soda, na mtoto anajua chupa ya soda ina soda. Mtoto akinywa, msimtapishe. Tunarudia: msimtapishe. Akitapika, mafuta yanapita kooni mara ya pili na yanaweza kuingia mapafuni. Msimlazimishe kunywa maziwa, wala mafuta ya mawese, wala maji ya chumvi. Mkimbizeni kituo cha afya, mkichukua na chupa yenyewe ili mganga aione.

La pili ni madumu. Dumu lililotiwa dizeli halitakati. Plastiki hunywa mafuta, kisha huyatoa kidogo kidogo. Tumeona watu wakisuuza dumu kwa sabuni na mchanga, wakatia maji ya kunywa. Na huko Iringa tumeona, wakati wa ulanzi, madumu ya kila namna yanatolewa uvunguni. Ulanzi wenye harufu ya dizeli mtu anaunywa, kesho anasema ulanzi wa mwaka huu ni mkali! Dumu la mafuta liwekewe alama ya rangi, libaki la mafuta mpaka life.

La tatu ni chemchemi na visima. Mafuta yakimwagika juu ya mlima, mvua itayashusha. Ukiona maji yana utando unaong'aa rangi nyingi kama upinde wa mvua, na ukikoroga kwa kijiti unajiunga tena, hayo ni mafuta. Ukikoroga ukavunjika vipande kama karatasi, mara nyingi huo ni kutu wa udongo na majani yaliyooza. Maji yenye mafuta hayasafishwi kwa kuchemsha, wala kwa dawa ile ya kutia kwenye ndoo. Dawa ile huua wadudu, na mafuta si mdudu. Kisima kifungwe, mtafute maji pengine, na mtoe taarifa.

La nne ni la mafundi wetu na wauza petroli ya chupa. Ndani ya petroli mna kitu kinaitwa benzini. Mtu anayekivuta siku nyingi, au anayenawa mikono kwa petroli kila jioni, hicho kitu huharibu mahali damu inapotengenezwa katika mifupa, na huweza kuleta kansa ya damu. Haileti leo wala kesho. Ndiyo maana hakuna anayeamini. Nawa kwa sabuni, hata kama inachukua muda. Na petroli isilale chumba mnacholala.

Sasa tumefika penye mzizi wa mambo. Hapa naombeni mtuvumilie, maana tunagusa jambo ambalo watu huliongea kwa kunong'ona.

Tuseme wewe ni mkulima. Asubuhi moja umekwenda shambani, karibu na mkuza. Unasikia harufu ya dizeli. Majani yamekauka mahali pamoja tu, udongo umelowa na hakuna mvua iliyonyesha. Bomba linavuja. Utafanya nini?

Tuliwauliza watu swali hilo. Unajua wengi walijibu nini? Walisema, "Nitaondoka kimya kimya." Kwa nini? "Kwa sababu nikisema, wataniuliza nilikuwa nafanya nini pale. Nitaambiwa mimi ndiye niliyetoboa. Nitalala ndani."

Ndugu, jibu hilo ni hatari kuliko petroli yenyewe. Mwenye bomba hawezi kuweka mtu kila hatua ya kilometa 1,710. Mitambo yake hupima nguvu ya mafuta ndani ya bomba, lakini tundu dogo linalodondosha pole pole laweza kuchukua muda kujulikana. Anayeliona kwanza ni mchunga ng'ombe, ni mama anayekata kuni, ni mtoto anayekwenda shule. Kama hawa wanaogopa kusema, basi bomba halina macho.

Wakubwa husema wananchi hawana elimu. Sisi tunaona elimu peke yake haitoshi. Yule mkulima anajua kabisa kwamba dizeli inayovuja ni hatari. Ndiyo maana anaondoka! Anachokosa ni mtu wa kumwambia bila ya kugeuzwa mshtakiwa.

Basi tunapendekeza hivi. Taarifa isiwe ya mtu mmoja. Iwe ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji uchague watu watatu au wanne, na miongoni mwao wawemo akina mama, maana wao ndio wanaokwenda kisimani na kuni. Aliyeona anamwambia mmojawapo wa hao. Hao wanamwambia mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na mtendaji ndiye anayepiga simu na kuandika katika daftari: tarehe, saa, mahali, alichoambiwa, na nani kamjibu. Daftari hilo ni kinga yenu. Nyote hapa mnajua kuandika sasa. Kazi ya kisomo si kusoma barua za watoto walioko mjini tu.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi na salama yenye kumpa afya. Na mradi mkubwa ukianzishwa siku hizi, kama lile bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilometa 1,443, lazima madhara yake yapimwe kwanza na wananchi waulizwe maoni. Bomba letu ni la 1968. Wakati ule sheria hiyo haikuwapo. Lakini kwa nini tusiulizwe leo? Mwaka 2023 kilichomo bombani kilibadilika. Huo ulikuwa wakati mzuri wa kila kijiji cha mkuzani kuitisha mkutano na kuuliza: dizeli ikivuja, harufu yake ikoje? Namba ya simu ni ipi? Nani atakuja, na atachukua saa ngapi kufika? Maswali hayo hayajapitwa na wakati. Mnaweza kuyauliza mwezi huu.

Na barabarani vile vile. Mnajua wenyewe pale malori yanapopata taabu: Kitonga, Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi. Kijiji kilicho chini ya mteremko kama huo kisingoje lori lianguke ndipo kishauriane. Mkubaliane sasa kwamba filimbi au kengele ya shule ikipigwa kwa namna fulani, majiko yote yanazimwa na watoto wanakwenda upande fulani. Mwalimu mkuu ajue. Wenye mashine ya kusaga wajue. Vijana wa bodaboda wapewe kazi ya kufunga barabara pande zote mbili, mbali. Tuliwaambia vijana wale jambo hili. Yule aliyesema atakimbilia madumu aliuliza, "Na mafuta ya pikipiki zetu siku hiyo, kijiji kitatulipa?" Wengine wakamcheka. Sisi tuliona ni swali la haki. Kijiji kiliweke katika mfuko wake wa dharura, hata kama ni kidogo. Kijana anayezuia watu 50 wasikaribie moto amefanya kazi.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu walikaa makundi makundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kitabu, wakajadiliana, halafu wakainuka wakachimba vyoo. Hakuna aliyelazimika kuwa daktari ndipo achimbe choo. Tungependa kundi lenu la kisomo lifanye hivyo juu ya mafuta. Juma la kwanza mtembee pamoja na mtendaji mkazitazame alama za mkuza, mfyeke majani yaliyozifunika. Juma la pili mwiteni mhudumu wa afya. Juma la tatu mwiteni mtu wa bomba na mtu wa Zimamoto, wakae kwenye benchi moja na mama lishe, na mama lishe aanze kusema.

Sisi maneno yetu yameisha. Karatasi ya namba za vibao na za simu tumeibandika ukutani, tutawaachieni. Sasa ni zamu ya maswali. Kuna mama pale nyuma ameinua mkono tangu tuliposema juu ya maziwa na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Karibu mama, simama, sema kwa sauti wote wasikie.